Neno la Milimani na Kigingi cha Kasia

Skarmouth, pwani ya Northumberland
6 Novemba 1893

Dada yangu Dorcas,

Hapa tu wazima wa mwili, na natumaini huko Harehope nanyi mko hivyo hivyo, wewe, shemeji Adam na watoto. Mama mkwe anakusalimu. Miguu imemvimba lakini ulimi haujambo, unaanza kazi kabla ya jogoo. Soksi za sufu zimefika, asante, wanangu wamezivaa siku hiyo hiyo. Na kama bado una nia ya kunitumia paja la Krismasi, litume, ila tafadhali usiandike juu ya kifurushi ni paja la mnyama gani. Watu wa hapa unawajua. Jina lile halitajwi pwani. Mvuvi akilisikia kabla ya kuingia mashuani, anashika chuma chochote kilicho karibu, kisha anarudi nyumbani, na siku hiyo hagusi kasia.

Sasa niseme lililonikalisha kitako kuandika.

Ulipokuja kwenye msiba ulinisikia nikisema bahari imemchukua Gilbert wangu. Nilikuwa sijui. Wilf, mdogo wake Gilbert, aliyekuwa naye mashuani na akaokolewa, mbavu zake zimeungana na sasa anaweza kuongea bila kulia. Anasema walikuwa wanaingia kwenye mlango wa bandari, wimbi kubwa likiwa nyuma yao, na Gilbert akavuta kasia kwa nguvu zake zote ili mashua isilale ubavu. Kigingi kikakatika. Kile kigingi cha mti kinachosimama ukingoni mwa mashua, ambacho kasia linavalishwa kwa pete yake. Kilikatika kama kijiti cha kiberiti, mashua ikageuka, basi.

Wewe hujawahi kuona vigingi vya Gilbert. Alikuwa anavichonga mwenyewe kwa mwaloni wa zamani, anaviloweka kwenye mafuta ya kitani msimu mzima wa baridi, na kila kimoja anakitia alama tatu za kisu kichwani. Vigingi vile ungeweza kumfungia fahali. Nikaenda kwenye miamba ilipotupwa mashua yetu, nikachungulia tundu la kigingi. Kipande kilichobaki kilikuwa mti mweupe laini, mti wa sanduku la samaki!

Nikatembea ufukweni mashua kwa mashua. Vigingi vya Gilbert, na alama zake tatu, vimo kwenye mashua ya Luke Archbold.

Hapa watu wana tabia ya kuchukua kitu mashuani kwa mwenzako bila kuuliza, kamba, ndoo, hata kisu, na kesho unarudisha. Lakini ukichukua kigingi unaacha kigingi. Luke vyake vilikuwa vimelika, akachukua vya Gilbert gizani na kumchomekea takataka, na mume wangu akatoka alfajiri kabla hapajapambazuka, glavu mikononi, asijue.

Nimekwenda kwa polisi, akaniuliza kama nimekuja kushtaki kipande cha kuni. Nimekwenda kwa kasisi. Nimemwambia mama mkwe. Wote wananijibu neno moja, lile la kwetu milimani ambalo hawa nao wanalo: thole. Thole, Tamar. Vumilia, mama, beba, kaa nalo. Nimechoka nalo. Ninachotaka ni kimoja. Luke Archbold asimame ufukweni mbele ya watu wote, na vigingi mkononi, aseme alichofanya. Hilo nitalipata.

Mdogo wako,
Tamar

*

Harehope
30 Novemba 1893

Tamar mdogo wangu,

Barua yako nimeipokea kwa mkono wa muuza vyombo, na nimeikalia kidogo, na utaniwia radhi kwa mwandiko: naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeteguka. Niliteleza kwenye barafu kisimani. Watoto hawajambo, kondoo wameshuka bondeni, baridi bado haijaingia na jua linatoka mchana. Adam yuko vizuri. Tumechinja nguruwe. Haya, nimeliandika, na paa halijaniangukia. Paja lako limo kwenye chumvi.

Mpenzi wangu, nimelia niliposoma habari za vigingi. Lakini na mimi nitakuambia kama walivyokuambia wengine, kwa sababu mama alitulea hivyo. Thole. Kondoo akifunikwa na theluji anakula sufu yake mwenyewe na anangoja, na theluji ikiyeyuka anatoka hai. Anayehangaika ndiye anayekufa. Wewe una watoto wa kulea. Luke umwachie Mungu.

Jumapili nilikutana na Mzee Purvis, mwalimu wetu, sasa haoni vizuri lakini bado anapenda kuulizwa. Nikamwuliza jambo ambalo lilinijia nilipokuwa nasoma barua yako. Kile kigingi cha kasia, si nacho kinaitwa thole? Nikasema bila shaka ni neno lile lile, kigingi kimeitwa hivyo kwa sababu kinavumilia, kinabeba uzito wa kasia mchana kutwa bila kusema. Niliona ni jambo zuri la kukuandikia. Mzee akacheka sana. Akasema hapana, Dorcas, hayo yanafanana sura tu, hayana ukoo. La kuvumilia ni neno la kale lililozungumzwa nchi nzima zamani, huko Kusini wamelitupa na sisi tumebaki nalo. La mabaharia limetoka kwenye jina la mti, msonobari au mti wa namna hiyo, basi maana yake ni mti tu uliochongwa na kusimamishwa. Yamekuja kuandikwa sawa kama watu wawili waliokutana sokoni wamevaa kofia moja.

Nilisikitika kidogo. Lakini nimekuandikia hivyo hivyo, kwa vile ulikuwa unapenda mambo ya Mzee Purvis kuliko mimi.

Tulia, Tamar. Nakuomba.

Dada yako,
Dorcas

*

Skarmouth
14 Januari 1894

Dada Dorcas,

Paja limefika, tumelila, Mungu akubariki. Mama mkwe alikula vipande vitatu huku amefumba macho ili asijue ni nini. Wanangu wana kikohozi lakini si kibaya. Wilf ameanza kutengeneza mishipi ya kuvulia.

Mwambie Mzee Purvis amenifurahisha mno. Nilikuwa naogopa kwamba hayo maneno ni ndugu. Sasa nimejua si ndugu, hata binamu si binamu. Basi lile la kuvumilia nimewarudishieni huko milimani, kaeni nalo. Mimi nadai la mti.

Na hivi ndivyo ninavyolidai.

Unakumbuka nilipoolewa hapa, msichana wa mlimani niliyelala karibu na banda la nguruwe tangu kuzaliwa? Wiki ya kwanza nilishuka ufukweni asubuhi, nikamwuliza Gilbert kwa sauti kama mama yake angependa tununue nguruwe. Mashua zote zilibaki mchangani siku hiyo. Wanaume wazima wenye ndevu walikimbilia nanga na misumari ya viatu kutafuta chuma cha kushika. Mama mkwe alinizaba kofi mbele za watu, na Gilbert akacheka usiku kucha. Tangu siku hiyo sijalitamka tena, kwa heshima yake.

Heshima yake imo kwenye mashua ya Luke. Kwa hiyo baada ya Mwaka Mpya nilijifunga shali, nikashuka alfajiri, nikasubiri mpaka mashua nyingine zimeshaingia majini, maana sina ugomvi nazo. Luke na watu wake wawili walipoanza kusukuma, nikaenda karibu kabisa, nikasema: “Luke Archbold. Nguruwe.”

Dada, ungeona! Mmoja alikumbatia nanga kama mtoto aliyempata mama yake. Luke aligeuka mweupe usoni. Akaniuliza nimepatwa na wazimu. Nikamwambia siku atakaposema mbele ya watu vigingi vile ni vya nani na alivipataje, nitanyamaza. Akasema ni vyake. Kesho yake nikarudi. Na kesho yake. Wiki yote ile mashua ya Luke haikulowa.

Usiku nalala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu msiba wa Oktoba.

Sasa na mimi nikuulize. Barua yako inasema baridi haijaingia na jua linatoka. Barafu ya kisimani ilitoka wapi? Na shemeji Adam, mkono wake yeye ni mzima?

Tamar

*

Harehope
22 Februari 1894

Tamar,

Tu wazima. Theluji imefunga njia, ndiyo maana umengoja. Tumepoteza kondoo majike kumi na mmoja. Mtoto wa mwisho ameota meno ya juu.

Unachofanya ni kibaya na unajua ni kibaya. Luke ana mke na watoto wanne, na hao hawakuiba kitu. Phillis, mkewe, ndiye aliyekupikia supu ulipofiwa, nilimwona kwa macho yangu. Unawanyima watoto chakula kwa neno la kijinga ambalo wewe mwenyewe huliamini. Mwenye kuliamini anasamehewa. Wewe unawachezea watu kwa hofu yao. Mama angekuona angefunga mlango.

Kuhusu mkono wangu, umeshapona. Kidole kimoja hakikunjiki. Unajua nilivyoumia, ulijua tangu mwanzo, kwa nini unaniuliza? Unataka niliandike? Haya. Ni Adam, na si mara ya kwanza, na nimevumilia kwa sababu kuna watoto na kwa sababu baada yake anakuwa mpole siku nyingi. Nyumba hii imesimama kwa sababu mimi navumilia. Usiniulize tena.

Acha, Tamar. Umeshamtia adabu ya kutosha.

Dorcas

*

Skarmouth
4 Aprili 1894

Dada yangu,

Nilikasirika na barua yako nikaitia kabatini, nikaitoa, nikaikasirikia tena. Ndiyo maana nimechelewa. Kikohozi cha wanangu kimekwisha. Mama mkwe hajambo na ana habari nyingi, lakini zote ni zangu, basi nitazisema mwenyewe.

Uliposema juu ya supu ya Phillis ulinichoma. Supu ile niliinywa. Lakini nikafikiri, aliponiletea bakuli, vigingi vilikuwa kwenye mashua ya mumewe, na yeye ndiye anayesugua mashua ile kila Jumamosi. Alama tatu alizisugua kwa mkono wake. Sikuacha.

Luke alijaribu kila hila. Alitoka ufukwe wa kaskazini, nikamkuta huko. Siku moja mimi nafika, nakuta wote watatu wamejaza sufu masikioni na wananitazama wakitabasamu. Nililitamka, hawakusikia. Nikaona hawa wanadhani wameniweza. Nikainua kidole, nikasukuma ncha ya pua yangu juu, hivi, mpaka matundu yakaonekana. Walitupa makasia. Watu wa ufukweni walicheka mpaka wakakaa chini, na kicheko kile, dada, kilimuumiza Luke kuliko njaa. Vijana wake wawili wa mashuani walimwacha wiki hiyo hiyo. Walisema hawana ubaya naye, ila wana watoto.

Mwishoni mwa Februari alikuja mlangoni kwangu jioni. Alikuwa amekonda. Alitoa vigingi vya Gilbert kutoka ndani ya koti, vimefungwa kwenye kitambaa, akaviweka kizingitini.

“Chukua,” akasema. “Yaishe.”

“Kavilete ufukweni asubuhi.”

“Tamar, nina wana. Unataka wasikie baba yao anaitwa mwizi?”

“Wangu wanasikia baba yao anaitwa marehemu,” nikamwambia. Nikafunga mlango. Nilipofungua baadaye alikuwa ameondoka navyo.

Usiku ule, sitakudanganya, niliamka. Nilikaribia kumfuata. Nikakumbuka kipande kile cheupe kwenye tundu, nikarudi kulala.

Basi mwezi wa Machi siku moja nimelitamka kama kawaida, na Luke, peke yake, akanitazama usoni, akasukuma mashua majini akaenda. Hakugusa chuma. Wilf alivua kofia kana kwamba maiti anapita. Na mimi nilisimama pale siku nzima, Dorcas. Sikula. Watu walidhani namwombea afe. Nilikuwa naomba arudi, kwa sababu akifa bila kusema, vile vigingi vinazama naye na Gilbert anabaki mtu aliyekufa kwa uzembe wake, aliyechonga vigingi vibaya. Wameanza kusema hivyo, unajua? Kwamba labda mti wake ulioza. Hilo ndilo lililonifanya nisilale.

Alirudi alasiri. Mashua ilikuwa imejaa chewa hadi ukingoni, samaki ambao hatujawaona tangu msimu wa mwaka juzi. Alicheka peke yake akiivuta mchangani. Aliniita kwa jina, akaniambia nitazame neno langu limeleta nini.

Nikatazama, na wengine wakatazama. Hakuna aliyesogea. Mchuuzi wa samaki kutoka mji wa Alnwick aligeuza gari lake. Luke akawaita wanawake waje kupasua samaki, atawalipa mara mbili, wakaangalia viatu vyao. Samaki waliovuliwa chini ya jina lile nani atawaweka mezani? Akamwita mkewe. Phillis akaja na kisu, akafika nusu ya njia, akasimama. Kisha Luke akamwita mama yake mwenyewe, bibi kizee ambaye amemtilia kome kwenye ndoana tangu ana miaka kumi na minne. Bibi akasema kwa sauti ndogo ambayo sote tuliisikia kwamba tangu leo hatatia chambo kwenye mshipi wa Luke, mpaka aseme anachotakiwa kusema.

“Najua ulichofanya,” akamwambia. “Mimi nimekuzaa.”

Samaki walioza pale pale. Ndege waliwala. Harufu ilikaa kijijini siku nyingi, na kila aliyeziba pua alimtazama Luke.

Jumatatu iliyofuata alishuka alfajiri, mashua zote zikiwa bado mchangani. Alikuwa amevaa nguo za kanisani. Vigingi alivishika mbele yake, mkono huu kimoja na mkono huu kimoja, akasema bila kuinua kichwa: “Hivi ni vya Gilbert Stanton. Vyangu vilikuwa vimelika na mimi ni mvivu. Nilivichukua jioni, nikamwekea mti wa sanduku. Nilisema nitamrudishia Jumamosi. Yeye hakujua. Mti wake haukuoza, mti wake ni huu.”

Wilf alilia kwa sauti. Kasisi akaja haraka, akanishika bega, akanong'ona kwamba sasa ni wakati wa kusamehe. Luke akaninyooshea vigingi nivichukue.

Dorcas, miezi yote hiyo nilikuwa nimewaza nitakavyovichukua. Nilikuwa nimevitengea mahali juu ya jiko. Lakini mkono wangu ulipokwenda nikaona, nikivichukua, kesho Luke atachonga vingine, na mwakani mtu atasema yalikuwa mambo ya zamani. Nikarudisha mkono.

“Kaa navyo,” nikamwambia, watu wote wakisikia. “Ni vizuri, vitakuzika. Vichomeke mashuani mwako sasa hivi nikiona. Kila siku utakapovuta kasia utavuta juu ya Gilbert. Na siku nitakayoona vigingi vingine ukingoni mwako, nitashuka tena hapa asubuhi.”

Akavichomeka. Kimoja kilikataa kuingia, Wilf akamsaidia. Tangu siku hiyo anaenda baharini kila asubuhi na mimi simsemeshi wala simzuii. Natazama ukingo wa mashua tu, kisha narudi nyumbani kunywa chai. Vijana wake wamerudi, watoto wake wanakula, usiwe na wasiwasi juu yao. Anayekaa na lile neno letu la milimani sasa ni yeye, na atakaa nalo hadi kaburini.

Kasisi anasema moyo wangu ni mgumu. Nimemjibu ndiyo, ni mwaloni.

Nimeridhika. Nilidhani nitajisikia vibaya na nimengoja nijisikie vibaya, haijatokea.

Kidole kile kisichokunjika kinanijia usiku. Nikikuandikia nije, usiseme njia imefungwa.

Tamar

*

Harehope
21 Aprili 1894

Tamar mdogo wangu,

Wana-kondoo wanazaliwa mchana na usiku, hatulali. Mtoto ametembea hatua zake za kwanza kutoka kwenye kiti hadi kwa mbwa. Hali ya hewa nzuri.

Barua yako ilifika jioni tukiwa mezani. Adam akauliza ni ya nani na ina nini. Siku nyingine ningesema ni salamu. Nikamwambia ni ya Tamar, nikaisoma kwa sauti, yote, tangu kikohozi cha watoto hadi mahali uliposema juu ya kidole changu. Sikuruka neno. Nilipofika kwenye samaki waliooza na bibi kizee aliyemkataa mwanawe, aliweka kijiko chini. Watoto walikuwa wanasikiliza, na binti yangu mkubwa alikuwa anamtazama baba yake, hakumwondolea macho.

Nilipomaliza nikaikunja. Adam akauliza kama unapanga kuja huku. Nikamwambia sijui, ila nikikuita utakuja, na watu wa kanisani kwetu wote wanapenda kusikiliza hadithi. Adam akatoka kuangalia kondoo, na usiku ule alilala kwenye benchi la jikoni bila mtu kumwambia.

Yale niliyokuandikia mwezi wa Februari, juu ya mama kufunga mlango, nimeyafuta.

Niandikie nyingine kama ile. Andika kwa herufi kubwa, taa yetu ni hafifu, na sitaki kukwama ninaposoma.

Dorcas